Nyumba Pekee Isiyo na X

Brashi bado inadondosha rangi, na mlango wa Rogathe umefunguka. Hapo ndipo nilipomwacha Judith Jumamosi iliyopita, na kuna wasomaji walionipigia simu kunigombeza kwa nini nimekata hadithi pale pale. Nimewasikia. Haya, tusonge mbele.

Ila kwanza, kwa wewe ambaye gazeti hili limekufikia likiwa limefungiwa maandazi, nikuweke sawa haraka.

Mji wetu huu mdogo umekaa chini ya Mlima Hanang. Tangu yale matope yashuke kutoka mlimani, wakubwa wa ujenzi hawana tena mchezo na nyumba mbovu. Mtaa wa Korongoni, nyumba zote zinazopakana na korongo zimepakwa X nyekundu ukutani. X maana yake mwenye nyumba ajitokeze, jina lake liandikwe, akubali kukarabati kabla ya masika. Nyumba isiyo na mwenyewe inaangushwa.

Anayepaka hizo X ni Lameck, mkaguzi wa majengo, mume wa Judith wetu. Amepaka mtaa mzima. Amebakiza nyumba moja tu, na hiyo ndiyo yenye ufa mpana kuliko zote, mkono wa mtu mzima unapita. Anakaa humo mwanamke wa Tlawi anayeitwa Rogathe. Ana kibanda cha chai, ana sauti ya kwaya, ana kiuno, na hana mume anayejulikana.

Sasa wewe dada unayesoma, ungekuwa Judith ungefikiri nini?

Basi naye alifikiri hivyo hivyo. Wivu ukamkaba. Akasubiri Lameck aende semina Babati, akasubiri mtaa mzima uende mnadani, akachukua kopo la rangi la mumewe, akaenda kumpakia Rogathe X yake. Akaipaka kubwa, kutoka chini ya dirisha hadi karibu na bati. Ndipo mlango ukafunguka.

Hakutoka Rogathe.

Alitoka mama mkwe wake.

"Shikamoo mama," mdomo wa Judith ulisema wenyewe. Mkono wenye brashi ukaenda nyuma ya mgongo.

"Marahaba." Bibi alisimama mlangoni, shuka nyeusi begani, bangili za shaba mkononi, jicho moja limefungwa bandeji. "Ni nani wewe?"

"Ni mimi, mama. Judith."

"Judith!"

Bibi alishtuka hadi akashika mlango. Judith ndiye aliyekutwa na rangi mkononi, lakini aliyeshtuka zaidi ni mama mkwe. Likumbuke hilo.

"Mama, si uko nyumbani? Si uko Nangwa na ng'ombe?"

"Niko hapa. Jicho limeharibika. Lameck amenileta kwa daktari."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi mpya uonekane."

Muda wote huo! Muda wote huo Lameck anarudi nyumbani, anakula ugali, anafuta mdomo, analala, na hasemi kwamba mama yake mzazi yuko mjini. Roho ilimuuma Judith. Wivu aliokuja nao ulikuwa wa mume. Sasa ukaongezeka wa mama mkwe. Anayemmiminia chai asubuhi ni Rogathe. Anayembadilishia bandeji ni Rogathe. Anayepewa baraka za mzee ni Rogathe.

"Kwa nini hukufikia kwangu, mama? Mimi si mkwe wako? Mimi peke yangu?"

"Peke yako," bibi alirudia polepole, kama mtu anayeonja maziwa yaliyokaa sana.

"Mwanao mmoja, mkwe wako mmoja. Nimekukosea nini?"

"Hujakosea. Nimefikia hapa kwa sababu hapa ni kwangu. Nyumba hii ni ya mzee."

"Mzee yupi?"

"Mwenye Zizi la Mawe."

Hapo nisimame kidogo, maana wasomaji wa mbali hawatanielewa. Kwa Wadatoga, mwanamke akishaolewa halitaji tena jina la baba mkwe wake. Halitaji mzee akiwa hai, halitaji akiwa amekufa. Mama mkwe, ambaye naye halitaji, ndiye anayemfundisha namna ya kulizunguka. Judith alipoletwa bomani kwa akina Lameck akiwa bibi harusi, mama mkwe alimkalisha chini, akamwonyesha zizi kubwa la mawe ambalo hakuna jirani mwenye mfano wake, akamwambia: mzee wa hapa utamwita Mwenye Zizi la Mawe.

Watoto hawalitumii jina hilo. Majirani hawalijui. Ni la wanawake walioolewa kwenye boma lile tu. Judith alilipenda kuliko pete, kwa sababu waliolitumia duniani ni yeye na mama mkwe, basi. Mzee alizaa mtoto wa kiume mmoja, na mtoto huyo ni Lameck.

Na jina lenyewe hata mimi mwandishi silitaji. Nina mama mkwe, na gazeti hili anasomewa.

"Kumbe!" Judith alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe ni ya mzee!"

Kumbe ni hivyo tu! Mtoto gani atapaka X kwenye nyumba ya baba yake, na mama yake amelala ndani? Lameck ameiruka nyumba ya familia. Ni kosa kazini, ndiyo, tena kosa la kufukuzwa, kwa sababu mkaguzi hafichi nyumba ya ndugu zake. Lakini si Rogathe! Si kiuno, si kwaya, si chai! Judith alijisikia mwepesi, akatamani kucheza.

"Na huyu Rogathe, mama? Anafanya nini humu?"

"Mpangaji," bibi alijibu. "Analinda nyumba."

Alijibu haraka mno. Judith hakuligundua hilo, furaha ilikuwa imemjaa masikioni.

"Na wewe unafanya nini hapo ukutani?" bibi akauliza. Jicho lake zima likageuka. "Naona kitu chekundu. Umechinja?"

Furaha ikafa pale pale.

Ameipaka X nyumba ya mzee. Yeye, mkwe, kwa mkono wake, wakati mama mkwe yuko ndani. Na kikosi cha ujenzi kinapita mtaa huu leo hii, kwa sababu leo ndiyo siku iliyotangazwa ya kuangusha nyumba zisizo na wenyewe.

Judith aliingia jikoni kwa Rogathe bila hodi. Akapata mafuta ya taa, akapata tambara, akarudi ukutani kusugua. Rangi ya serikali haina huruma. Ilikataa kutoka, ikaanza kutembea. Mguu mmoja wa X ukapanuka mpaka dirishani, mwingine ukachuruzika mpaka kwenye ndoo ya maji. Mwishowe ukuta ulikuwa na X ile ile, ila sasa imenona.

"Karibu," sauti ikasema nyuma yake.

Rogathe alikuwa amesimama na kikapu kichwani. Alikuwa amerudi mapema kutoka mnadani. Alikuwa mzuri kweli, na Judith alichukia kuliona hilo kwa karibu.

"Asante. Napita tu."

"Unapita unasugua?"

"Nimekuta watu wamechafua ukuta. Nikaona nisaidie."

Rogathe aliangalia kopo. Akaangalia brashi. Akaangalia viganja vya Judith, vyote viwili vyekundu. "Watu wabaya sana," akasema. "Wamepaka wao, wamekuachia wewe rangi."

"Dada, mimi na wewe hatujuani. Tusikoseane heshima."

"Wewe hunijui. Mimi nakujua. Wewe ndiye unayezidisha chumvi."

Judith alisimama wima. "Nani amekuambia mimi nazidisha chumvi?"

Rogathe alifunga mdomo. Aliona amepitiliza. "Mama ndiye alisema," akajibu, akatua kikapu.

Lakini mama mkwe hajala kwa Judith tangu Pasaka iliyopita, na siku ile walikula nyama ya kuchoma isiyo na chumvi kabisa. Anayelalamikia chumvi ya Judith ni mtu mmoja tu, na huwa anailalamikia akiwa amevua viatu. Wivu uliokuwa umeshuka ukaanza kupanda tena, taratibu.

"Rogathe. Mume wangu anakula hapa?"

 Kona ya juu ya mtaa, katapila lilikuwa linanguruma.

Lilikuja linatikisa madirisha. Mbele yake alitembea Injinia Doris, mwanamke wa mkoa mwingine, buti za mpira miguuni, kofia ya plastiki kichwani, hajazoea baridi yetu wala mambo yetu. Nyuma kwenye usukani alikaa Festo, anatafuna muwa.

"Shikamoo bibi," injinia alianza vizuri, kwa mama mkwe. "Hamjambo akina mama?"

"Hatujambo."

"Nyumba hii sinayo kwenye kazi zangu za leo. Lakini ina X." Aligusa ukuta, akatazama kidole chake. "Tena mbichi. Lameck Lukasi ameipaka lini, na ameondoka toka juzi?"

 Judith aliingiza viganja ndani ya khanga.

"Nimempigia, hapatikani. Haidhuru. Mwenye nyumba ni nani?"

Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo shida yote ilipolala. Kazini Lameck anaitwa Lameck Lukasi. Lukasi ni mjomba wake aliyemsomesha na kumwandikisha shule kwa jina lake. Ofisini hakuna anayelijua jina la baba yake mzazi. Mtu akimwambia injinia kwamba nyumba ni ya baba yake Lameck, nyumba itapona lakini Lameck amekwisha, maana ameficha nyumba ya kwao. Mtu akilitaja jina la mzee, hilo jina tu, nyumba itapona na Lameck atapona. Neno moja! Na waliosimama pale ni wanawake, na wanaume wote waliolijua jina hilo, pamoja na Mwenyekiti Sulle wa mtaa, wako mnadani wanashika ng'ombe pembe.

"Ni ya mzee mmoja," Judith alisema.

"Mzee nani?"

"Mzee mkubwa. Marehemu."

"Marehemu nani, mama? Marehemu huku kwenu hawana majina?"

"Wanayo."

"Basi nipe." Injinia alikuwa bado na subira. "Mimi sina ugomvi na mtu. Nikipata jina la mwenye nyumba, namwandikia notisi, familia yake inaujenga huu ukuta upya kabla ya masika, narudi kukagua, nafuta X, tunasalimiana. Lakini njooni mtazame." Aliwazungusha nyuma ya nyumba. Ukuta ulikuwa umetoka tumbo juu ya njia. "Hapa wanapita watoto wa shule. Mvua ikianza, huu unalala juu yao. Nyumba isiyo na mwenyewe siiachi imesimama hata kwa usiku mmoja. Bibi, wewe unamjua mwenyewe?"

"Namjua," mama mkwe alisema.

"Ni nani?"

"Alikuwa mume wangu."

"Anaitwa nani?"

Bibi alivuta shuka begani. "Tangu niolewe sijamwita jina. Nianze leo, hayupo wa kuitika?"

Injinia alivua kofia akajikuna kichwa. Akaivaa tena, akawarudisha mbele ya nyumba. "Festo! Sogeza."

Katapila likasogea, likaponda ua wa Rogathe wa mabua. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na kitanda cha mama mkwe, na dawa zake za macho, na kila alichoacha mzee mjini. Judith aliona kila kitu kinaondoka kwa sababu ya brashi yake. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo asubuhi ile angekubali kumeza ile rangi kuliko kulifanya. Akamgeukia Rogathe.

"Sema wewe."

"Niseme nini?"

"Jina. Wewe ni mtu wa Tlawi, si Mdatoga, kwenu hamfungwi na haya ya kwetu. Wewe ni mpangaji, unamjua mwenye nyumba yako. Litaje jina, dada yangu. Nakuomba."

Dada yangu! Judith huyo huyo! Lilimtoka kama mwiba wa samaki, lakini lilimtoka.

Rogathe alimtazama injinia. Akafungua mdomo.

Akaufunga.

Akamtazama mama mkwe, akainamisha kichwa, akakunja mikono tumboni. Judith aliijua namna ile ya kusimama. Yeye mwenyewe alifundishwa kusimama hivyo, mbele ya zizi, akiwa bibi harusi.

"Siwezi," Rogathe alisema.

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, Judith." Akamwambia injinia kwa sauti ndogo, ya heshima. "Mama, nyumba hii ni ya Mwenye Zizi la Mawe."

Judith alisikia masikio yake yakilia.

Mwenye Zizi la Mawe. Jina ambalo watoto hawalitumii. Jina ambalo majirani hawalijui. Jina la wanawake walioolewa kwenye boma lile, na mzee alizaa mtoto wa kiume mmoja.

Mmoja tu!

Aliona yote kwa mara moja, na yote yalimchoma. Chumvi. Semina za Babati. Shati linalorudi limepigwa pasi na mtu asiyejua mikunjo yake. Bibi aliyeshtuka mlangoni. Hakukuwa na mpangaji humu, kulikuwa na mke. Na aliyemfundisha Judith neno lile la siri, akamwachia alikumbatie miaka yote kama lake peke yake, alikuwa amesimama pale na jicho limefungwa.

"Mama," Judith alisema. "Umemfundisha na huyu?"

 Bibi alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

"Atakayelitaja jina lile leo, hatakanyaga tena bomani kwangu."

Jicho lake moja lilitoka kwa Judith, likaenda kwa Rogathe, likarudi kwa Judith. Aliwaambia wote wawili. Wote wawili walikuwa wake wa mwanawe, na sasa halikuwa jambo la kufichwa.

"Mimi sielewi mnachofanya," injinia alisema, na subira ilikuwa imemwishia. "Bibi, toka mlangoni, tafadhali. Festo, anza na huu wa nyuma."

Mkono wa katapila ukapanda.

Wanawake wawili walitazamana. Ungewaona! Kila mmoja alikuwa na neno lile ulimini na kila mmoja aling'ata meno. Judith akilitaja, nyumba inapona na yeye si mkwe tena, Rogathe anabaki peke yake bomani na adabu zake nzuri. Rogathe akilitaja, Judith anashinda, anarudi kuwa mmoja. Litaje, Judith aliomba moyoni. Litaje wewe, mwizi mkubwa. Na macho ya Rogathe yalimwambia vilevile, neno kwa neno.

Hakuna aliyelitaja.

Meno ya katapila yakagusa bati. Bati likalia.

"Simamisha!" Judith alipiga kelele, akaruka mbele ya ukuta, khanga ikaanguka, viganja vyekundu juu. "Simamisha! Andika jina!"

Injinia akainua mkono. Festo akatulia.

"Andika Judith," akasema. "Mwenye nyumba ni mimi."

Mama mkwe alivuta pumzi. Rogathe aliinua kichwa.

"Wewe?" injinia aliuliza. "Toka saa ile nauliza?"

"Mimi. Andika vizuri. Judith, mke wa Lameck Lukasi, mkaguzi wako. Ukuta nitaujenga mimi, notisi naipokea mimi. Na mpangaji wangu," akamwonyesha Rogathe kwa kidole chekundu, "nitaamua mimi kama anabaki au anatoka."

Unaona akili ya wivu? Hakulitaja jina la mzee, kwa hiyo mama mkwe hana cha kusema. Nyumba imepona. Rogathe amekuwa mpangaji wake mbele ya serikali. Na Lameck?

"Lameck huyu wangu?" injinia alisema taratibu. "Ameruka nyumba ya mke wake? Nyumba mbovu kuliko zote?"

"Ameiruka."

"Unajua ninachotakiwa kumfanya mkaguzi wa namna hiyo?"

"Najua," Judith alijibu, na neno lilikuwa tamu mdomoni mwake. Arudi kutoka Babati hana kazi. Aone raha ya kulishwa sehemu mbili na kutoka sehemu zote na njaa. Alimtazama Rogathe ili amwone akilia. Alitaka sana kumwona akilia, ndiyo faida pekee aliyoitaka siku ile.

Rogathe hakulia.

Alichukua khanga ya Judith chini, akaikung'uta vumbi, akamrudishia. Kisha akaenda mbele ya injinia, akasimama wima, mikono haijakunjwa tena.

"Ongeza jina moja, mama."

"La nani?"

"Langu. Rogathe. Ukuta tutaujenga wawili."

"Wewe mpangaji unaandikwa kama nani?"

"Mimi si mpangaji. Ni mke wa Lameck Lukasi." Akapumua. "Mke mkubwa."

Festo aliacha kutafuna muwa.

"Muongo!" Judith alimrukia, injinia akamdaka katikati. "Muongo wewe! Mkubwa tangu lini? Mimi nimeletwa bomani mchana kweupe, na ng'ombe wametolewa, na zizi nimeonyeshwa! Wewe ulikuwa wapi?"

"Hilo zizi," Rogathe alisema, bila kupandisha sauti. "Ulipoletwa, ulilikuta limekwisha kujengwa?"

"Nililikuta."

"Mawe yale yalitoka korongo la kule bomani. Niliyasomba mimi."

Judith aligeuka kwa mama mkwe. Hasira ilikuwa imemwishia yote, rangi ya mumewe imekauka viganjani. "Mama," akasema. "Sema ni uongo. Mimi nitakuamini wewe."

Bibi alikaa taratibu kwenye kizingiti cha nyumba ya mzee, chini ya ile X iliyonona. Alitafuta kwa mkono mpaka akampata Rogathe, akamshika kifundo cha mkono.

"Mawe yale yalikuwa mazito," mama mkwe alisema. "Na mwaka ule huyu alikuwa na mimba ya Lameck."